Kati ya Kukata na Kubandika

Katika ed, kihariri ambacho Ken Thompson alikiandika kwenye maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, mwaka 1969 alipokuwa akiijenga Unix, kunakili mistari ni amri moja tu. Ukitaka mistari ya 3 hadi 7 ijirudie baada ya mstari wa 20, unaandika 3,7t20 kisha unabonyeza Enter. Ukitaka kuihamisha badala ya kuinakili, unaweka m mahali pa t. Hakuna kinachokatwa kikasubiri, wala hakuna kinachobandikwa. Maandishi hutoka yalipo na kufika yaendako kwa pumzi moja, na anayejua yako wapi ni wewe uliyezitaja namba.

Mtindo huo ulikuwa na sababu. Watumiaji wa kwanza wa ed hawakuwa na skrini. Walikuwa na mashine za kuchapa zilizounganishwa na kompyuta, kama Teletype Model 33, iliyochapa herufi 10 kwa sekunde kwenye karatasi. Huwezi kumwambia mtu asogeze kielekezi wakati hakuna kielekezi. Unamwambia ataje mstari.

Skrini ilipokuja, kukaja na pengo. Mtu sasa anaweza kuondoa aya hapa, akatembea ndani ya faili, akasita, akasoma kidogo, ndipo akaiweka kule. Katika muda huo aya imeshatoka kwake na bado haijafika. Lazima mtu au kitu kiishike. Wapenzi wa vihariri wamegombana miaka mingi kuhusu vitufe, kipi kiko karibu na kidole na kipi kinauumiza mkono. Kwangu mimi swali zito ni hili la pengo: nani anayashika maandishi, kwa muda gani, na unayadai vipi ukiyahitaji? Kila mapokeo yana jibu lake, na majibu hayo yanaeleza namna yanavyomwona mwandishi kuliko yanavyoeleza kitu chochote kuhusu kompyuta.

WordStar ilijibu kwa kukataa kuyashika. Programu hii, iliyoandikwa na Rob Barnaby na kutolewa na kampuni ya MicroPro mwaka 1978, inakutaka uweke alama ya mwanzo wa fungu kwa Ctrl-K B na alama ya mwisho kwa Ctrl-K K. Kisha unakwenda unakotaka. Fungu linabaki palepale lilipo, limewekewa alama, na wewe unaweza kuendelea kuandika sentensi nzima mahali pengine kabla ya kutoa amri ya Ctrl-K C kulinakili au Ctrl-K V kulihamisha. Hakuna kinachoning'inia hewani. George R. R. Martin amesema hadharani kwamba anaandika riwaya zake kwa WordStar 4.0 kwenye kompyuta ya DOS, na nikiitazama tabia hii ya alama zinazokaa naelewa kwa nini mwandishi wa vitabu vinene aipende. Kihariri cha JOE, kinachotumika hadi leo kwenye terminali za Linux, kimezihifadhi nyingi kati ya amri hizo.

Jibu lililoshinda dunia ni jingine. Katikati ya miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, California, Larry Tesler na Tim Mott waliandika programu iliyoitwa Gypsy kwa ajili ya wahariri wa Ginn, mchapishaji wa vitabu vya shule aliyekuwa chini ya Xerox. Wahariri wale walifanya kazi kwa mkasi na gundi kwenye karatasi, na Gypsy iliwapa kitendo hichohicho kwenye skrini: chagua, kata, bandika. Tesler alichukia jambo moja kuliko yote, nalo ni hali: yaani kitufe kilekile kuwa herufi sasa hivi na amri dakika moja baadaye. Sahani ya namba ya gari lake ilitangaza kwamba hataki hali. Alikuwa na sababu. Katika Bravo, kihariri kilichoitangulia Gypsy palepale Xerox, mtu aliyedhani anaandika neno «edit» huku programu ikiwa katika hali ya amri alichagua hati yote kwa herufi ya kwanza, akaifuta kwa ya pili, akaanza kuingiza maandishi kwa ya tatu, na kilichobaki kwenye skrini kilikuwa t moja peke yake.

Tesler alihamia Apple mwaka 1980. Kompyuta ya Lisa ilipotoka mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, vitufe vya Z, X, C na V vilivyopangana chini ya kibodi vilipata kazi ambazo leo hata mtoto wa shule anazijua. Ubao wa kunakili wa mapokeo haya una nafasi moja. Unachokinakili sasa kinakifuta ulichokinakili kabla yake, bila onyo na bila kuacha alama. Simu nyingi hufanya hivyo, kompyuta nyingi za ofisini hufanya hivyo, na watu wengi wamelelewa kuamini kwamba hivyo ndivyo kunakili kulivyo.

Ndani ya terminali desturi hiyo inagonga ukuta mara moja. Ctrl-C pale ina kazi ya zamani zaidi, ya kuisimamisha programu inayoendelea. Apple hawakupata shida, maana walikuwa na kitufe chao cha pekee cha kutolea amri. Windows na mazingira mengi ya Linux yalitumia Ctrl, kitufe kilekile ambacho terminali zilikuwa zimeshakimiliki, na ndiyo sababu programu nyingi za terminali kwenye Linux zinakutaka ubonyeze Ctrl-Shift-C. Anayeingia kwenye seva kwa mara ya kwanza, akachagua maandishi kwa uangalifu, akabonyeza Ctrl-C na kuona kazi yake imekatishwa, hajakosea jambo lolote la busara. Amesimama mahali ambapo desturi mbili zilizoanza mbali mbali zinakutana, na hakuna aliyemwambia.

Sasa tuje kwa vihariri vilivyozaliwa humo terminalini, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Bill Joy alianza kuandika ex, na baadaye sura yake ya skrini iitwayo vi, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kuanzia mwaka 1976. Aliandikia kwenye terminali ya ADM-3A ya Lear Siegler, ambayo mishale yake ilichorwa kwenye vitufe vya h, j, k na l, na ndiyo maana mpaka leo watu wanatembea ndani ya vi kwa herufi hizo. Aliunganishwa na kompyuta kwa modemu ya baudi 300, ambayo ni kama herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 ina nafasi 1,920. Kuichora upya skrini nzima iliyojaa kungechukua zaidi ya dakika moja. Mtu aliyefanya kazi katika mazingira hayo hawezi kubuni desturi ya kuburuta rangi juu ya maneno ili ayachague. Anabuni lugha fupi: kitendo, kisha umbali. y ni kunakili, d ni kuondoa, w ni neno, kwa hiyo dw inaondoa neno na y3w inanakili maneno matatu. Ukirudia herufi ya kitendo, kama dd au yy, umeuchukua mstari mzima. p inaweka ulichokishika.

Kuna jambo dogo hapa ambalo napenda lionekane kwa karibu. vi haikumbuki maneno peke yake. Inakumbuka na umbo lake. Ukichukua mstari mzima kwa dd kisha ukabonyeza p ukiwa katikati ya sentensi, mstari ule hauivunji sentensi yako. Unakaa chini yake, ukiwa mstari kamili kama ulivyoondoka. Ukichukua herufi moja kwa x, p inaiweka kama herufi, ndani ya neno. Kwa hiyo ddp inabadilishana mistari miwili, na xp inabadilishana herufi mbili. Umeandika «Kiswahlii»? Weka kielekezi juu ya l, bonyeza xp, na neno limenyooka. Ubao wa kawaida wa kunakili hautofautishi mstari uliochukuliwa mzima na maneno yaliyookotwa katikati yake, na mtu hulipa kwa kubonyeza Enter na kufuta nafasi baada ya kila kubandika.

Na mahali pa kushikia? vi inakupa rejista 26, kila moja na herufi yake kutoka a hadi z. "ayy inauweka mstari kwenye rejista ya a, "ap inautoa. Ukitumia herufi kubwa, "Ayy, mstari mpya unaongezwa kwenye uliokuwemo badala ya kuufuta, na hivyo unaweza kupita kwenye faili ndefu ukiokota mstari mmoja mmoja mpaka umepata mkusanyiko wote. Zaidi ya hizo kuna rejista tisa za namba, zinazoshika mambo uliyoyaondoa hivi karibuni yenye ukubwa wa mstari au zaidi: la karibuni liko kwenye 1, la kabla yake kwenye 2, na kuendelea. Ni kabati la saraka zenye majina, na wewe ndiye mwenye funguo.

Sharti lake ni kwamba uamue mapema. Kabla hujachukua, sema unaweka wapi. Mtu anayepanga upya faili la mipangilio ya seva, anayejua kwamba fungu hili litahitajika mara tatu na lile mara moja, anafaidika sana na sharti hilo. Na vi haikuitupa hata njia ya ed. Andika :3,7t20 ndani ya vi leo, na mistari itanakiliwa kama ilivyonakiliwa kwenye karatasi ya Teletype, bila kugusa rejista yoyote. Wengi wanaotumia vi kila siku hawaijui amri hiyo, na inasikitisha, maana ndiyo njia safi kuliko zote pale unapoziona namba za mistari.

Watu wengi wanaosema vi siku hizi wanamaanisha Vim, ambayo Bram Moolenaar wa Uholanzi alianza kuitengeneza kwenye kompyuta ya Amiga mwaka 1988 na kuitoa kwa watu mwaka 1991. Aliongeza rejista nyingi, pamoja na ile ya 0 inayoshika ulichokinakili mara ya mwisho bila kujali umefuta nini baadaye, na ile ya mstari wa chini, "_, ambayo chochote unachokitupa humo kimekwenda moja kwa moja. Ukifungua Vim bila faili, utakutana na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Si pambo. Mwaka 1994 Moolenaar alifanya kazi kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na tangu hapo kila aliyetaka kumlipa kwa kazi yake alielekezwa kutoa pesa kwa ajili ya watoto hao. Alifariki Agosti 2023. Naona fahari kwamba jina la nchi yetu jirani limesomwa kwenye skrini za waandishi wa programu duniani kote kwa miaka mingi kiasi hicho, na limesomwa kwa sababu ya mtu aliyekwenda pale akashughulikia maji yao.

Emacs ilizaliwa mwaka uleule wa 1976, upande wa pili wa Marekani, katika maabara ya akili bandia ya MIT. Richard Stallman na Guy Steele walikusanya amri ambazo wenzao walikuwa wameziandika juu ya TECO, kihariri cha zamani zaidi kilichoanza na utepe wa karatasi. TECO yenyewe ilikuwa na rejista zenye majina, kwa hiyo watu wa MIT waliijua njia ya kabati vizuri kabisa. Hata hivyo walichagua njia nyingine kwa kazi ya kila siku. Kila unachokikata kinaingia kwenye mduara, kimoja nyuma ya kingine, bila wewe kutaja jina lolote. GNU Emacs, iliyotoka mwaka 1985 na ndiyo tunayoitumia leo, ilishika vipande 60 kwa miaka mingi. Kuanzia toleo la 29 la mwaka 2023 inashika 120. Ctrl-Y inarudisha cha mwisho. Kama sicho ulichokitaka, Alt-Y inakiondoa na kuleta cha kabla yake, kisha cha kabla ya hicho, mpaka ukione chako. Neno yank, ambalo Emacs inalitumia kwa kurudisha, ndilo vi inalitumia kwa kuchukua, na anayehama kutoka moja kwenda nyingine atahangaika kwa siku kadhaa.

Emacs pia inaangalia ulikuwa ukifanya nini. Ukibonyeza Ctrl-K mara nyingi mfululizo, mistari yote inaunganishwa kuwa kipande kimoja, kwa kuwa imeelewa kwamba hicho ni kitendo kimoja kilichogawanyika. Ukisogea kidogo katikati, inaanza kipande kipya. Hapa programu inaubeba mzigo wa kukumbuka, na wewe unaamua baadaye unachohitaji, wakati ambapo ndipo unajua.

Tuwape wote kazi moja. Barua inasema mkutano utafanyika Dodoma, na mistari kumi chini yake limeandikwa jina sahihi la mji, Morogoro. Unataka kulinakili Morogoro na kuliweka mahali pa Dodoma.

Kwenye programu ya kawaida ya ofisini unanakili Morogoro, unaichagua Dodoma, unabandika juu yake. Kazi imekwisha haraka, na Dodoma imetoweka. Mkubwa wako akikwambia dakika tano baadaye kwamba Dodoma ilikuwa mahali pa mkutano mwingine na inahitajika aya ya chini, utaiandika upya.

Kwenye Vim unanakili Morogoro kwa yiw, unakwenda juu ya Dodoma, unabonyeza ciw ili kuliondoa neno na kuanza kuandika mahali pake. Kuondoa kule kumeshaiweka Dodoma mkononi, kwa hiyo ukirudisha cha mwisho utapata Dodoma ileile uliyoifukuza. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa vi wanapokata tamaa. Dawa yake ni Ctrl-R ikifuatwa na 0, kwa kuwa rejista ya 0 bado inaishika Morogoro. Ni nzuri, lakini lazima uwe umefundishwa.

Kwenye Emacs unanakili Morogoro kwa Alt-W, unaiondoa Dodoma kwa Alt-D, unabonyeza Ctrl-Y. Inarudi Dodoma, kama ilivyotokea kwenye Vim. Unabonyeza Alt-Y, na mbele ya macho yako Dodoma inageuka kuwa Morogoro. Dodoma yenyewe haijaenda popote. Imo kwenye mduara, na aya ya chini ikiihitaji itaipata.

Kwa mtu anayeandika insha, hadithi au barua ndefu, naamini njia ya Emacs ina ubinadamu zaidi. Anayeandika nathari hajui mapema sentensi gani ataihitaji tena. Anakata aya kwa hasira saa nne asubuhi na kuitamani saa tisa. Mapokeo yanayomtaka ataje jina la saraka kabla hajajua kama ataurudia mzigo wake yanamtaka awe mtu ambaye si yeye. Wapenzi wa vi watajibu kwamba nao wana rejista za namba, na kwamba ukiandika "1p kisha ukarudia u na nukta, kihariri kitakuonyesha mambo uliyoyaondoa moja baada ya jingine. Ni kweli, na amri hiyo ni ya tangu zamani. Lakini inashika tisa tu, na haishiki maneno machache yaliyoondolewa ndani ya mstari, ambayo ndiyo mwandishi huyatamani zaidi.

Upande wa lugha yetu, mambo yanageuka kwa namna ambayo wabunifu wake hawakuifikiria. Amri ya w ya vi inakupeleka mwanzoni mwa neno linalofuata. Alt-F ya Emacs inakupeleka mwishoni mwa neno. Kwa Mwingereza hiyo ni tofauti ndogo, maana lugha yake hubadilika sana mwishoni. Sarufi ya Kiswahili inakaa kichwani mwa neno. Tuseme umebandika «kitabu kikubwa kilichopotea» na unataka wingi. Kwenye vi, weka kielekezi kwenye k ya kwanza na ubonyeze rv. Herufi imekuwa v. Bonyeza w, kisha nukta, ambayo hurudia badiliko la mwisho. Tena w, tena nukta. Umepata «vitabu vikubwa vilichopotea». Kimebaki kirejeshi katikati ya kitenzi: fc inakufikisha kwenye c, 2s inaziondoa herufi mbili, unaandika vy, na upatanisho umekamilika. Kila hatua ya w imekutua juu ya kiambishi hasa. Kwenye Emacs ungekuwa unafika mwisho wa neno na kurudi nyuma kila mara.

Lakini mpe vi neno «ng'ombe» na inakukwaza. Kwa Vim, apostrofi kwa kawaida si sehemu ya neno, kwa hiyo yiw juu ya ng'ombe, kielekezi kikiwa kwenye n, inanakili ng peke yake na kuliacha zizi zima nyuma. Ng'ambo, ng'oa, kung'ara, yote yanakatika hivyo. Unaweza kutumia yiW yenye herufi kubwa, inayohesabu neno kuwa chochote kilicho kati ya nafasi mbili, lakini hiyo itabeba na mkato au nukta iliyoshikamana na neno. Njia ya kudumu ni kuandika set iskeyword+=' kwenye faili la mipangilio. Nayo haisaidii kama maandishi yametoka kwenye programu inayoweka apostrofi iliyopinda, maana mpangilio huo haufiki kwenye alama hizo. Emacs, ikiwa katika hali yake ya maandishi ya kawaida, inaihesabu apostrofi kuwa sehemu ya neno, na ng'ombe anaondoka mzima. Anayeandika Kiswahili kwenye Vim aurekebishe mpangilio huo siku ya kwanza.

nano nitaipitia haraka, kwa heshima. Chris Allegretta aliianza mwaka 1999 kuiga Pico, kihariri kilichotengenezwa na Chuo Kikuu cha Washington kwa ajili ya programu ya barua pepe ya Pine. Ctrl-K inakata mstari, Ctrl-U inaubandika, na amri zimeandikwa chini ya skrini. Nafasi ni moja, ila mistari inayokatwa mfululizo inaungana kama kwenye Emacs. Kwa anayeingia kwenye seva mara moja kwa mwezi kurekebisha mstari mmoja, inatosha, na asikubali kudharauliwa. Hata wasiowahi kuifungua Emacs wanaitumia desturi yake kila siku bila kujua: kwenye mstari wa amri wa bash, Ctrl-U inakata ulichokiandika mpaka mwanzo, na Ctrl-Y inakirudisha.

Kuna mpaka mmoja ambao mapokeo haya yote yanauvuka kwa shida, nao ni kati ya kihariri kilicho ndani ya terminali na dirisha lililo nje yake. Programu ya terminali inaona skrini tu. Ukichagua kwa kipanya, itakunakilia namba za mistari zilizo pembeni, na kama umegawa skrini mara mbili itabeba nusu ya faili la jirani. Ukibandika, maandishi yanaingia kama vile yamechapwa na mtu mwenye vidole vya kasi ya ajabu. Bandika «Dar es Salaam» kwenye vi ya zamani ikiwa katika hali ya amri: D inafuta mpaka mwisho wa mstari, a inaanza kuandika, na «r es Salaam» inabaki kwenye faili. Ni ajali ileile ya Bravo, na Tesler angeitambua papo hapo. Hata ukiwa katika hali ya kuandika, msimbo uliobandikwa huongezewa nafasi za pembeni kila mstari mpaka unashuka kama ngazi.

Suluhisho lililopatikana ni rahisi. Terminali inaiambia programu, kwa alama fupi isiyoonekana, kwamba maandishi yanayofuata yamebandikwa, na kwa alama nyingine kwamba yamekwisha. Vim iliyo mpya inazielewa alama hizo, na bash imeziwasha yenyewe tangu toleo la 5.1 la mwaka 2020. Faida yake kubwa iko kwenye usalama: amri iliyonakiliwa kutoka mahali usipopaamini, ikiwa na Enter iliyofichwa ndani yake, haitekelezwi tena kabla hujaisoma.

Kutoka ni kugumu zaidi, hasa seva ikiwa nchi nyingine. Kwenye kompyuta yako mwenyewe, rejista ya "+ ya Vim ndiyo ubao wa kunakili wa madirisha yote, ikiwa Vim yako imejengwa na uwezo huo. Kwenye seva ya mbali rejista hiyo haina dirisha la kuzungumza nalo. Kinachosaidia ni msimbo uitwao OSC 52: kihariri kinayafunga maandishi na kuyatuma kupitia njia ileile inayochora skrini, na terminali iliyo mbele yako inayafungua na kuyaweka kwenye ubao wako. Terminali nyingi zinaruhusu seva iandike hivyo lakini zinaizuia isisome, kwa kuwa seva inayoweza kusoma ubao wako inaweza kusoma nywila uliyoinakili dakika moja kabla. Kizuizi hicho ni cha haki, na ningependa kisilegezwe kwa ajili ya urahisi wa mtu yeyote.